Muulize Mwalimu: Je, tarehe 27 Agosti ina nuhusi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumejaaliwa mtoto wa kike, kazaliwa tarehe 27 Agosti. Siku ya arubaini yake shemeji yangu alitoa simu akawasomea wageni mambo yaliyowahi kutokea duniani tarehe hiyo: mlima Krakatoa kulipuka mwaka 1883, Zanzibar kupigwa mizinga mwaka 1896, Haile Selassie kufariki mwaka 1975. Tangu hapo mama mkwe ameshikilia kwamba siku hiyo ina nuhusi na anataka mtoto asomewe. Dua sikatai, ila nataka kujua: mambo hayo ni ya kweli? Na yana uhusiano wowote? (Mama Mchanga, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu amkuze. Msomeeni mtoto, dua haijamdhuru mtu. Ila msimsomee kwa sababu ya simu ya shemeji.

Yote aliyoyasoma ni ya kweli, lakini alichagua. Mbona hakusema kwamba tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Edwin Drake alifikisha kisima chake kina cha mita 21 hivi, na biashara ya mafuta ya Marekani ikaanzia hapo? Labda kwa kuwa hakufa mtu. Na hata hapo tarehe yenyewe imelegea: siku ile ya Jumamosi kazi ilisimama bila mtu kuona tone la mafuta. Waliyaona kesho yake, Jumapili, lakini orodha zinaandika 27.

Angeweza pia kusoma habari ya Paris. Tarehe 27 Agosti 1928 wajumbe wa nchi 15 walitia saini mkataba wa Kellogg na Briand, wakaahidi kwamba vita haitatumiwa tena kumaliza ugomvi kati ya mataifa. Kwa hiyo mwanao kazaliwa siku ambayo wakubwa waliipiga vita marufuku! Hapo mama mkwe angepiga vigelegele. Simwambii kwamba miongoni mwa waliotia saini walikuwemo Japani, iliyoingia Manchuria mwaka 1931, na Ujerumani, ambayo unaijua.

Sasa Zanzibar. Hapa nitakaa kidogo, maana kila mwaka watu huifanya kichekesho cha chemsha bongo, “vita fupi kuliko zote duniani”, wakaishia hapo.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Saa chache baadaye binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, na walishikilia kwamba hakuna anayekalia kiti kile bila ridhaa ya mwakilishi wao. Admirali Rawson alimpa Khalid muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na kutoka. Bandarini zilikuwa zimejipanga manowari tano, mbele kabisa ya majumba ya Forodhani.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ilianza. Saa tatu na dakika 40 ilinyamaza. Ndizo dakika 38 zinazotajwa, ingawa wengine huandika 40 na wengine 45, kutegemea wameanza kuhesabu wapi. Katika muda huo watu wapatao 500 upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao ndani ya majengo yaliyowaka moto. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mpaka mwaka 1912, kila anayeingia bandarini aione. Sioni cha kuchekesha.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza waliweka walinzi nje wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar. Wajerumani wakasubiri bamvua. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ililetwa mpaka ukingo wa bustani ya ubalozi, Khalid akaingia bila kukanyaga barabara, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi huku kwetu, akafia Mombasa mwaka 1927.

Lakini sasa muulize mama mkwe, kwa adabu: asubuhi ile watu wa Unguja walikuwa na tarehe gani? Kwao haikuwa 27 Agosti. Ulikuwa Mfungo Sita wa mwaka 1314, siku chache tu baada ya Maulidi. Nuhusi ikitaka kurudi, itarudi kwa tarehe ya waliopiga au ya waliopigwa? Maana mwaka uliofuata siku hizo mbili zilikuwa zimeshaachana kwa siku kama 11, na zimezidi kuachana tangu hapo.

Kuhusu uhusiano: upo mmoja wa kweli, ila haukupitia kwenye kalenda.

Krakatoa ni kisiwa katika mlango wa bahari wa Sunda, kati ya Java na Sumatra. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1883 kililipuka, na zaidi ya watu 36,000 wakafa, wengi kwa mawimbi yaliyopanda pwani. Mshindo ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, kilomita zipatazo 4,800 katika bahari yetu hii ya Hindi. Mkuu wa polisi wa kule aliandika kwamba alisikia kama mizinga mikubwa inayopigwa mbali upande wa mashariki. Vumbi lake lilipaa juu likazunguka dunia. Mwezi Novemba mwaka huohuo mbingu za jioni zilikuwa nyekundu kiasi kwamba katika miji fulani ya Marekani magari ya zimamoto yaliitwa.

Mlipuko ulitapika pia mawe mepesi yenye matundu, ya aina ile tunayosugulia visigino. Yanaelea. Mkondo wa bahari uliyachukua kuelekea magharibi mwezi baada ya mwezi, na mwezi Julai 1884 watoto wa shule ya misheni Unguja waliyaokota ufukweni wakayachezea majini, wakifurahia mawe yasiyozama. Kwenye mstari wa maji kujaa, pamoja na mawe hayo, kulikuwa na mafuvu na mifupa ya watu, mieupe, isiyo na nyama. Hivyo ndivyo Krakatoa ilivyofika Zanzibar, miezi 11 baada ya kulipuka, na siku iliyofika haimo katika simu ya shemeji yako.

SWALI: Mwalimu, mimi nina notisi zinazosema Haile Selassie alifariki tarehe 27 Agosti 1975. Za rafiki yangu zinasema 28. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

JIBU: Wewe. Ila kosa la rafiki yako lina asili yake. Mfalme, aliyepinduliwa Septemba 1974, alikufa tarehe 27 akiwa kizuizini Addis Ababa, na serikali ya kijeshi ikatangaza siku iliyofuata. Ilisema ni matatizo yaliyofuata upasuaji wa tezi dume. Daktari wake alikanusha, na miaka ya baadaye waendesha mashtaka walidai kwamba alinyongwa. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 1992 katika eneo la ikulu, yakazikwa kwa heshima Novemba 2000 katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu.

Na Mwethiopia akikuambia mfalme alifariki tarehe 21 mwezi wa Nehase mwaka 1967, usimbishie. Ni siku ileile kwa kalenda yao.

Katika mtihani andika 27 Agosti 1975, uongeze kwamba kifo kilitangazwa tarehe 28. Ukibaki na muda, kumbusha pia kwamba Italia iliyomvamia mwaka 1935 ilikuwa imetia saini ule mkataba wa Paris niliomtajia mama wa Tanga. Hiyo haipo kwenye notisi zenu, nimeshaziona.