Maswali ya chekechea: mwangalie mtoto kwanza, skimu baadaye

Mwalimu, naomba skimu (mpango wa kufundishia) ya mwaka mzima, watoto wa miaka 4, niprinti tu.

Sitoi. Hili swali nalijibu kila mara jamani, skimu ya kuprinti kaiandika mtu ambaye hajawahi kuwaona watoto wako. Kaa na daftari siku tatu, andika nani anacheza na nini, anasema nini, anakwama wapi, ndo uanze kupanga.

Darasa langu ni magari tu, wiki ya tatu sasa. Niwabadilishie mada?

Usithubutu! Kuna siku niliona watoto wawili wameegemeza ubao kwenye kiti wanateremsha gari, mmoja akaongeza kitabu chini ya ubao, gari likaenda mbali zaidi, akaongeza cha pili bila kuambiwa na mtu. Hapo tayari kuna kupima, kulinganisha na kutabiri, we kazi yako ni kuleta kamba ya kupimia, kitambaa cha kutandika juu ya ubao waone gari linapungua mwendo, karatasi ya kuchorea walichokiona, na kuuliza "unadhani itakuwaje tukishusha?" halafu unyamaze usubiri. Vygotsky, yule mwanasaikolojia wa Urusi, alishatueleza, lenga kile mtoto anachokiweza akisaidiwa kidogo. Ila kupenda magari ni mlango tu, malengo unayashika wewe, na yule asiyejua kusubiri zamu yake atajifunzia hapohapo kwenye ubao.

Wa miaka 3 hajui kuandika jina lake.

Hajachelewa, misuli ya vidole bado, mpe udongo wa kufinyanga, shanga kubwa za kutunga, karatasi za kuchana. Ila akiwa haongei, au ukimwita hageuki, usikae unasubiri "ataongea tu", mpelekeni apimwe masikio mapema.

Wazazi wanalalamika watoto wanacheza tu.

Froebel, mwalimu aliyebuni chekechea, alipoanzisha kituo chake Ujerumani mwaka 1837 alianza na mipira na vibao vya mbao, kwa hiyo mchezo haujaletwa na walimu wavivu wa siku hizi. Waite wazazi wakae darasani nusu saa, waoneshe nini kinaendelea pale. Na tafadhali acheni kuwatuliza kwa kujaza madaftari ya a a a a, mnawachosha watoto ili mzazi afurahi.

Mkuu wa shule anataka andalio la somo Ijumaa, nitawafuataje watoto?

Malengo andika kwa wino, shughuli kwa penseli.

Nina mmoja hapendi chochote.

Angalia anasimama wapi wenzake wakicheza. Wa kwangu alikuwa haondoki mlangoni, mi nikadhani analilia nyumbani, kumbe kuna mstari wa sisimizi kwenye ufa wa sakafu anaufuatilia kila asubuhi. Nikamletea kioo cha kukuzia, kabla ya uji walishafika wanne wamelala kifudifudi naye anawaelekeza pa kuangalia.