Uthamini wa nyumba umepanda, je, shule itapata zaidi?

SWALI: Ninaishi shambani Marekani, kwenye wilaya ya shule yenye wanafunzi wasiofika 200. Mthamini wa kaunti amepandisha thamani ya nyumba yangu kutoka dola 150,000 hadi 180,000. Je, kodi yangu itapanda asilimia 20, na shule ivune vivyo hivyo?

JIBU: Si lazima. Katika majimbo mengi hesabu huanzia kwenye bajeti ya shule, nyumba yako hufuata baadaye. Tuseme shule inahitaji dola milioni 3 na jimbo linatoa milioni 1.8. Pengo la milioni 1.2 ndilo wenye mali wanalogawana. Kama mali zote za wilaya zina thamani ya milioni 100, kiwango kitakuwa mili 12, yaani dola 12 kwa kila 1,000 za thamani. Kwa nyumba ya 150,000, hiyo ni dola 1,800.

Sasa mali zote zikipanda asilimia 20, pengo lilelile linagawanywa kwa milioni 120. Kiwango kinashuka hadi mili 10, na nyumba yako ya 180,000 inalipa… 1,800. Shule haijaongeza hata senti. (California ni habari nyingine: tangu 1978 kodi ya msingi haizidi asilimia 1 ya thamani.)

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi kwa wilaya ndogo kama yenu ni mali moja kubwa. Kiwanda cha milioni 20 kikifungwa, zinabaki milioni 80, kiwango kinaruka hadi mili 15, na nyumba ileile ya 150,000 inadaiwa 2,250 ilhali mwenyewe hujaongeza hata chumba. Jimbo huweza kuongeza ruzuku, lakini mara nyingi hutumia thamani za miaka iliyopita, kwa hiyo msaada huchelewa. Na usitegemee katiba ya taifa: mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa hoja kwamba tofauti za fedha za shule kati ya wilaya zenye mali nyingi na zenye mali chache zinaivunja katiba hiyo. Kesi zilizofaulu ni zile zilizofunguliwa kwa katiba za majimbo.

Kwa hiyo usiishie kuitazama barua yako. Iulize kaunti jumla ya thamani ya wilaya imepanda kiasi gani. Ukikuta yako imepanda 20 na ya wilaya 5, hapo una sababu ya kudai uthamini urudiwe. Fanya haraka, dirisha la rufaa mara nyingi ni wiki chache tu.