Johnston City: pesa ilikuwa kwenye meza za pembeni

Umeuliza kama wachezaji wa pool walioenda Johnston City, Illinois, walifuata zawadi au kamari. Kamari ilikuwa na mvuto mkubwa sana. Ndugu wawili, George na Paulie Jansco, walianzisha mashindano hayo mwaka 1961, kwanza kwa mchezo wa tundu moja tu. Mechi rasmi zikiisha, ndipo dau zilipopanda, na watu walicheza hadi alfajiri.

Mchezo huo wa tundu moja uliwafaa mno wacheza kamari. Kila mmoja ana tundu lake, na wa kwanza kutumbukiza mipira minane ameshinda. Aliye bora anaweza kumpunguzia mpinzani: yeye atafute tisa, mwenzake saba. Hapo ndipo ubishi unapoanza, kabla hata ya mpira kuguswa! Kwangu mimi, kujua kupatana masharti hayo ni ufundi kamili, sawa na kupiga.

Mchezaji Luther Lassiter alitamba sana kwenye mechi rasmi. Mashindano yaliisha mwaka 1972, baada ya maofisa wa serikali kuu ya Marekani kuvamia na kukamata watu kwa ajili ya kamari. Inaniuma mpaka leo.