Nimelipa cherehani haikuja, nimsomee halbadiri?

Dada mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia. Kamtumia laki mbili na nusu kwa simu muuzaji wa Instagram aliyeko Unguja, anunue cherehani. Kaambiwa mzigo umo botini, kateremka bandarini Mkoani mara mbili, hamna kitu, sasa kablokiwa na mumewe anamsema kila siku eti kajitakia. Jirani anamwambia atoe elfu sitini kwa mzee mmoja amsomee halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mtu kwa majina ya Masahaba wa Badr, huyo muuzaji avimbe tumbo. Anauliza inafaa?

Dada yangu pole sana, umesema pesa zenyewe za kuchambua karafuu, na mimi nimelelewa na mama mchambuaji, navijua vile vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, kwa hiyo swali lako limeniuma.

Haki yako iko wazi. Mzigo hujakabidhiwa basi umo dhimani mwa muuzaji, hata ikiwa kweli ulipakiwa ukapotea njiani hasara ni yake, ama alete cherehani nyengine ama arudishe pesa.

Ila hiyo halbadiri hapana, usitoe hata shilingi. Najua nitaambiwa mbona wazee wetu walisoma. Wazee tunawaheshimu, na Masahaba wa Badr, wale mia tatu na kitu wa mwaka wa 2 Hijria, ni wateule, na ndo maana inaniuma majina yao kufanywa bakora ya kukodi. Mtume s.a.w. alipomtuma Muadh Yemen alimwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Allah hamna pazia. Sasa kama pazia hamna, huyo mzee wa elfu sitini anasimama wapi hapo kati? Umeshaliwa laki mbili na nusu unataka uongeze na hiyo! Halafu tazameni inavyotuharibia mitaa yetu, mtu akisomewa tu, wiki ile akavimba miguu mgonjwa wa figo masikini ya Mungu, watu washanong'ona ndo yeye huyo imemshika, anazikwa na jina la mwizi na watoto wake wanalirithi. Nani atabeba dhambi ya uzushi huo? Amka kabla ya alfajiri useme mwenyewe kwa Kiswahili chako, Yaa Rabbi nirejeshee haki yangu, inatosha.

Kuwatahadharisha wenzio unaruhusiwa, aya ya 148 ya Suratun-Nisaa inakataza kutangaza maovu ila imemvua aliyedhulumiwa, lakini sema lilotokea tu usizidishe. Muuzaji akijitokeza akathibitisha kweli hana kitu, Baqara 280 inakutaka umpe muda. Ila akiwa nacho anakuzungusha, Mtume kasema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma, na wewe muuzaji ukinisoma, anaechukua mali za watu kwa nia ya kuzila Allah humuangamiza, hiyo ni hadithi ya Bukhari.

Mahkama ya Kadhi usende na hili, pale ni ndoa, talaka na mirathi. Meseji usifute hata moja, nenda polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika na huku kwetu, na namba yake iripoti kwa kuituma 15040.

Mumeo nae akusitiri, kudhulumiwa si kosa lako. Mwambie mimi nimesema afuatane nawe hapo polisi Wete, na meseji ya muamala aishike yeye.