Gemu za zamani niziuze?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina banda la gemu Mwanga, hapa Kigoma: PlayStation 2 (PS2) mbili na PS3 moja. Vijana wanadai FC mpya, ile gemu ya mpira, watoto wa shule hawabanduki kwenye San Andreas, ile GTA ya uhalifu. Niuze zote nijikusanye ninunue PS5?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. PS2 usiuze. Mimi nimekulia kwenye banda la Ujiji, tukilipia gemu ya mpira ya PES 6 mechi moja moja, anayefungwa anampisha mwenzake. Gemu ile ilitoka 2006, na hadi leo nikishika pedi vidole vinakumbuka vyenyewe. Adriano wa Inter akipiga shuti la mbali, kipa anasindikiza kwa macho tu. Mwishowe tulipiga marufuku kuichagua Inter.

FC, ile iliyoacha jina la FIFA mwaka 2023, ni tamu kwa macho: nyasi, jasho, mashabiki. Lakini kila mara inataka masasisho, na masasisho yanakula bando. PS2 unatia diski, unacheza.

San Andreas ya 2004 naipenda mno, hasa kuzurura na baiskeli bila misheni yoyote. Ila kasha lake la Ulaya limeandikwa 18, yaani ni ya wenye miaka 18 na kuendelea. Hao watoto wape gemu za mpira, hata wakinuna.

PS5 iache kwanza. Tafuta PS4 iliyotumika. FC 25 inacheza humo vizuri. Kabla ya kulipa, jaribu pedi zote mbili palepale dukani.