Kabla ya kumpa kitanda, muulize aliachishwa kazi lini

Alifika kituoni kwetu Mwanza jioni ya mvua, nguo zake zote zikiwa ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kanga. Alikuwa dada wa kazi. Bosi wake alikuwa amemfukuza bila kumlipa mshahara wa miezi miwili. Tukampa chai, mahali pa kulala na mtu wa kuzungumza naye. Sisi ni shirika dogo la hisani, na kazi hiyo tunaijua.

Tulichokuwa hatukijui ni hesabu ya siku. Ziliisha wiki sita akipumzika, ndipo tukampeleka kwa katibu wa chama cha wafanyakazi mjini. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, uliachishwa tarehe ngapi?" Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali hutakiwa kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya mshahara, ina siku 60. Mshahara tuliuwahi. La kufukuzwa lilikuwa limeshapita, na anayechelewa lazima aombe ruhusa na aeleze sababu za msingi. Usiku ule sikulala. Tulimtunza vizuri, na papo hapo tukampotezea haki yake.

Kwa hiyo, kama uko kwenye shirika linalopokea watu wa namna hii, usingoje mwaka wa fedha uanze wala semina iitishwe. Nenda ukazungumze na chama cha wafanyakazi wiki hii. Kwa wafanyakazi wa majumbani, anza na CHODAWU, chama kinachowatetea. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: nani anapokea, nani anajaza fomu, nani anamsindikiza CMA, na nauli inatoka mfuko gani. Nauli hasa. Nimeona shauri likilala kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake ndiye atakayelipa daladala.

Katibu ndiye aliyetufungua macho kuhusu ushahidi. Sisi tuliamini asiye na mkataba wa maandishi hana kesi. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Binti alikuwa na simu ya kitochi yenye meseji za M-Pesa za mishahara ya nyuma. Tulikaribia kumnunulia laini mpya tukaitupa ile ya zamani!

Lakini msimpe mtu kitanda kwa sharti la kujiunga na chama, na habari zake zisitoke kituoni bila ridhaa yake, hata kwa nia njema. Akiwa na umri chini ya miaka 14, sheria hairuhusu kabisa aajiriwe. Siku hiyohiyo mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii.

Siku hizi daftari letu la mapokezi linaanza na tarehe ya kuachishwa kazi, halafu ndipo jina. Namba ya katibu tumeibandika mlangoni, juu ya ratiba ya zamu, na tunampigia hata usiku.