Barua kwa mwanangu: aliyerudi ni nani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nyimbo zako tisa zimefika. Nimezisikiliza barazani hapa Mkunazini, simu nimeiegemeza kwenye dele la kahawa, wazee wenzangu wamenizunguka kama tunangojea matokeo ya mpira. Mmoja kasema ngoma zimezidi. Kweli zimezidi, khasa wimbo wa tatu, sauti yako inapigwa kumbo.

Umeniuliza: "Baba, mimi nimezaliwa Birmingham, mama asili yake Jamaika, Unguja nimekuja mara nne tu. Nina haki ya kuimba kwamba nimerudi?" Na ukataka nikusahihishie Kiswahili cha wimbo wa mwisho.

Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa na miaka tisa. Siku mbili bibi yako alikulisha chumba cha mbele, kwa zile sahani za maua zinazokaa kabatini, na ukitaka kunyanyua hata gilasi unanyang'anywa. Siku ya tatu shangazi yako akakuita uani: "Nletee mbuzi." Ukatoka mbio, ukazunguka uchochoro mzima, ukarudi unalia: hakuna mbuzi, kuna paka tu. Nyumba nzima ilicheka. Bibi akakuonyesha kile kigoda chenye ulimi wa chuma, akakukalisha juu yake na kizio cha nazi mkononi. Ukajikwangua kidole. Shangazi akaimwaga ile nazi iliyoingia damu, akakupa kizio kingine, basi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulipewa mbuzi. Tangu siku ile ukawa unatumwa dukani, unagombezwa, unaambiwa funga mlango paka wasiingie.

Sasa katika nyimbo zako nimesikia karafuu, nimesikia bahari, nimesikia jahazi na jua linazama. Hayo mtalii anayapata Nungwi kwa wiki moja. Mbuzi sikuisikia hata mara moja. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, kuliko la ngoma.

Ama hilo la haki, mbona hapa hatujawahi kuliuliza? Taarabu yenyewe imekuja na meli. Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na kwa miaka mingi ikiimbwa Kiarabu, kwa wakubwa. Akaja Siti binti Saad kutoka Fumba, muuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akaenda kurekodi Bombay. Sauti ya mwanamke wa shamba ilirudi Unguja ndani ya santuri, imevuka bahari mara mbili, na hakuna aliyeisimamisha bandarini akaiuliza imezaliwa wapi.

Na huo muziki wako wa soul usiuonee haya mbele ya wazee. Bibi yako mzaa mama alinichukua mara moja kanisani kwake, Handsworth, kwenye harusi. Nilikaa nyuma kabisa, na kofia yangu mfukoni. Yule dada aliyeimba aliishika silabi moja, akaipandisha, akaishusha, akaizungusha mpaka nikasahau nipo wapi. Nikamkumbuka msomaji wa kasida wa madrasa yetu. Kwa hiyo ile sehemu ya wimbo wa tano, unapolivuta neno "mama" mpaka linakatika, mzee mmoja hapa kauliza ulisomea madrasa gani. Sikumjibu. Sehemu hiyo usiiguse.

Tuje kwenye wimbo wa mwisho. Unaimba "Nyumbani, nimekosa, nimekosa." Najua ulichotaka kusema. Lakini sisi mtu anayepatamani mahali husema ana hamu napo. Aliyekosa ama kitu hakukipata, ama ametenda kosa. Halafu nyumbani ni penye mlango na kufuli. Penye watu ni kwetu. Jirani aligeuka akaniuliza, "Mwanao kakosa nini?" Nikainywa kahawa yangu ingali ya moto.

Kwa sababu, mwanangu, aliyerudi ni mimi. Nilikwambia nakwenda kumuuguza bibi yako, miezi mitatu tu. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ulinisindikiza mpaka uwanja wa ndege na sare yako ya skuli. Bibi akafariki, nikasema nimalize arubaini. Nikasema niuze kiwanja. Nikasema nifungue kiduka nione. Kila mwezi nilikuwa na neno. Umetunga nyimbo tisa za kurudi, na sikusikia hata mmoja wa mtoto aliyeachwa na mtu anayerudi kwao. Au labda zote tisa ni huo, mimi ndiye sikusikia vizuri.

Basi "nyumbani" ifanye "kwetu." Ngoma zipunguze. Hilo "nimekosa" liache kama lilivyo. Si Kiswahili cha ulichokusudia, lakini lina mwenyewe, na mwenyewe nimelisikia.

Ukija Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara usilete zawadi, mabegi yanalipiwa. Mbuzi ya bibi yako ipo uani, mguu mmoja umelegea, nimeufunga waya. Shangazi yako anasema nazi atanunua yeye, kukuna hakuni.

Babako